Wanaojitolea wakiomba posho: jibu kwa katibu wa kikundi kinachohudumia wazee Muheza

Swali: Shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi kinachohudumia wazee wanaoishi peke yao katika vijiji vya jirani na Muheza mjini. Tunawatembelea mara mbili kwa wiki: tunateka maji, tunafua, tunapika, tunawasindikiza zahanati. Tulianza watu 22, na baada ya mwaka na nusu tumebaki 9. Wazee ni 31. Wengi wetu tunapanda bodaboda, shilingi 1,500 kwenda na 1,500 kurudi. Sasa mfadhili amekubali kutupa shilingi 3,600,000 kwa mwaka. Wenzangu wanapendekeza kila mmoja apate posho ya shilingi 30,000 kwa mwezi. Mwenyekiti amekataa, anasema ukishalipwa hujajitolea tena. Halafu tuna binti aliyemaliza chuo cha uuguzi, hajapata ajira, anazunguka karibu kila siku kusafisha vidonda. Amesema asipopata chochote mwisho wa mwezi huu anaondoka. Tufanye nini? Na je, tusajiliwe kama NGO?

Jibu: Marahaba, dada.

Kabla ya kuamua nani yuko sahihi kati ya mwenyekiti na wenzako, fanyeni hesabu moja ambayo naona haikufanyika kwenye kikao chenu. Mtu anayetoka mara mbili kwa wiki kwa bodaboda anatoa shilingi 6,000 kila wiki. Kwa wiki nne ni 24,000. Ongeza kipande cha sabuni, vocha ya kumpigia mtoto wa mzee aliyeko Dar es Salaam, na robo ya sukari anayoibeba kwa sababu anaona haya kuingia mikono mitupu kwa bibi ambaye hajanywa chai tangu asubuhi. Mmeshafika 30,000, na hicho ndicho kiwango wanachokiomba. Wenzako hawajakwambia walipwe kwa wema wao. Wamekwambia hela ya nyumbani imekwisha.

Ndiyo maana nasema mwenyekiti analinda jambo jema kwa njia isiyofaa. Mtu anajitolea muda wake, nguvu zake na ujuzi wake. Akitakiwa agharamie na usafiri, kikundi kinaanza kumchuja kila asiye na hela ya ziada, na mara nyingi huyo ndiye angefaa kuliko wote: mama wa kitongoji kilekile, anayejua mzee alianza kukohoa lini na ni mtoto gani anayetuma matumizi na yupi hatumi. Mama huyo hatasimama kwenye kikao aseme ameishiwa. Atasema ana mgeni, ana msiba, shamba limemzidi. Baada ya miezi miwili humwoni, na kwenye daftari mnaandika kwamba amekosa moyo. Nina wasiwasi kwamba baadhi ya wale 13 walioondoka waliondoka hivyo.

Na hili la kurudishiwa gharama si jambo jipya lililoletwa na wafadhili. Kwenye ujima wa kulima, waliokuja na majembe yao hawakulipwa, lakini mwenye shamba alipika, na kushinda na watu shambani bila chakula ilikuwa aibu ya mwaka mzima. Mwenyekiti akitaka mfano mkubwa zaidi, mwonyesheni Msalaba Mwekundu. Kanuni zake saba zilipitishwa Vienna mwaka 1965, na mojawapo ni huduma ya kujitolea isiyosukumwa na tamaa ya kujipatia faida. Hapa kwetu chama hicho kimekuwapo kwa sheria ya Bunge tangu 1962, na kimejengwa juu ya watu wa kujitolea. Pamoja na ukali wote wa kanuni hiyo, sera ya kimataifa ya Msalaba Mwekundu inataka anayejitolea arudishiwe gharama zilizoidhinishwa alizotumia kwenye kazi. Hakuna anayesema kwa hilo ameacha kujitolea.

Hata hivyo, posho ya 30,000 kwa kila kichwa siiungi mkono, na sababu zangu si za mwenyekiti.

Ya kwanza ni ya fedha tu. Milioni tatu na laki sita kwa mwaka ni 300,000 kwa mwezi. Tisa mara 30,000 ni 270,000. Zinabaki 30,000 kwa wazee 31, yaani haitoshi hata elfu moja kwa mzee. Mfadhili akiona mgawanyo huo kwenye taarifa ya robo ya kwanza, hakutakuwa na robo ya pili.

Ya pili ni ya haki. Posho ya kiwango kimoja inamlipa sawa anayetembea dakika tano na anayepanda bodaboda mpaka ng'ambo ya mto. Wa kwanza anapata ujira kidogo, wa pili anabaki palepale alipokuwa.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu nimeiona ikibomoa vikundi vilivyokuwa imara. Fedha ndogo inayotolewa kwa kila mtu kila mwezi hubadilisha swali linaloulizwa kikaoni. Badala ya "bibi yule wa pembezoni nani kamwona wiki hii?", swali linakuwa "hela imeingia?" Wanajitokeza wanachama wapya ambao hawajui hata jina la mzee mmoja. Fedha ikichelewa, na fedha za miradi huchelewa, watu wanasimama kazi, jambo ambalo hawakulifanya kipindi chote walichofanya bure.

Kuna utafiti unaolieleza jambo hili vizuri. Mwaka 2000 wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Israeli kwa wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kukusanya michango ya hisani. Kundi la kwanza lilihimizwa kwa maneno tu. La pili liliahidiwa asilimia 1 ya watakachokusanya, la tatu asilimia 10, na malipo hayo hayakutoka kwenye michango yenyewe. Waliokusanya zaidi ni wale wasioahidiwa kitu. Wa asilimia 10 wakafuata, na wa asilimia 1 wakawa wa mwisho. Malipo madogo yalikuwa mabaya kuliko kutolipa kabisa.

Lakini tusiuchukue utafiti huo tukauning'iniza ukutani kama amri. Wale walikuwa wanafunzi wanaorudi nyumbani na kukuta chakula mezani. Mwanachama wenu anaacha genge lake la machungwa, kila saa anayokaa kwa mzee ni saa ambayo hakuuza. Somo ninalolichukua hapo ni dogo na la matumizi: kama kazi ni ya kulipwa, lipeni malipo ya kazi. Kama ni ya kujitolea, ondoeni gharama zote kwenye mabega ya anayejitolea na msimpe kitu kinachofanana na mshahara huku si mshahara. Katikati ya hayo mawili ndipo palipo na matope, na 30,000 yenu imeanguka hapohapo.

Tazama Mpango wa Taifa wa Damu Salama unavyofanya. Mtu anatoa damu, halipwi, lakini anapewa soda na biskuti na nafasi ya kukaa chini mpaka apate nguvu. Hakuna aliyewahi kusema soda ile ni bei ya damu, na hakuna anayeona ni sawa mtu atoe damu halafu aanguke njiani kwa kizunguzungu.

Sasa mfanye nini kwa vitendo. Kabla ya kugusa fedha, pangeni upya nani anamhudumia nani. Ukiniambia wengi wenu wanapanda bodaboda, nafahamu kwamba wazee waligawanywa kwa orodha na si kwa jirani. Chukueni karatasi kubwa, andikeni vitongoji vyote, wekeni jina la kila mzee mahali anapoishi, kisha jina la kila mwanachama mahali analala. Mtashangaa ni mara ngapi mtu anavuka kijiji kizima kwenda kwa babu fulani, na njiani anapishana na mwenzake anayekuja upande wake. Hamishaneni. Tahadhari moja tu: mzee ambaye tayari amemzoea mtu, hasa mwanamke anayeogeshwa au mzee aliyeanza kusahau, msimbadilishie ghafla. Waende wote wawili kwa wiki kadhaa mpaka amkubali mgeni.

Tuseme baada ya kupanga hivyo wanabaki watu wanne wanaohitaji kweli bodaboda. Nauli yao kwa mwezi ni 96,000. Sabuni, glavu, dawa ya kusafishia na vocha, wekeni 50,000. Mmetumia 146,000, na zinabaki 154,000 ambazo sasa zinaweza kufanya kazi iliyowakusanya: bodaboda ya kumpeleka mzee hospitali usiku, unga wa mwezi ambao mtoto hakutuma, godoro la plastiki kwa aliyelala kitandani. Namba zenu zitakuwa tofauti kidogo na hizi.

Bodaboda hawatoi risiti, na msiwalazimishe watu kughushi risiti ili mfadhili aridhike. Kubalianeni kiwango cha nauli kwa kila njia, kiandikwe kwenye muhtasari wa kikao, kibandikwe mahali kila mwanachama anakiona, na kila anayepokea atie sahihi kwenye daftari lenye tarehe, jina la kitongoji na mzee aliyetembelewa. Mfadhili makini anakubali utaratibu huo akielezwa mapema. Na jambo ambalo vikundi vingi wanalisahau: nauli itolewe kabla ya safari, wiki kwa wiki. Ukimwambia mtu atumie yake atarudishiwa mwisho wa mwezi, umemkopa asiye na cha kukopesha.

Kutakuwa na manung'uniko kutoka kwa wanaotembea kwa miguu, kwamba fulani anasaini hela kila wiki na wao hawasaini. Yasikilizeni hadharani, mbele ya wote, na daftari likiwa limefunguliwa mezani. Manung'uniko ya posho hukua gizani, pale ambapo watu watatu tu ndio wanaojua kiasi kilichoingia. Kiasi chote cha mfadhili kitajwe kikaoni siku kinapoingia. Hata asiyejua kusoma aambiwe kwa mdomo.

Nimelichelewesha suala la binti muuguzi kwa sababu si suala la posho hata kidogo, na limechanganywa na mengine mpaka linaonekana kama yeye ndiye mkorofi. Hebu angalia anachofanya. Anatoka karibu kila siku. Tukikadiria saa tatu kwa siku, siku tano kwa wiki, ni saa 60 kwa mwezi. Ana zamu, ana orodha ya wagonjwa anayopewa na kikundi, na asipofika mtu anabaki na kidonda kinachonuka. Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vingine, ikiwa iko hata moja ya dalili zilizotajwa humo. Miongoni mwa dalili hizo ni kwamba saa zake zinapangwa na mwingine, kwamba ni sehemu ya taasisi, au kwamba amefanya kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Sisemi atawapeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nasema sheria imeona kitu ambacho kikao chenu hakijakiona: huyu ameshatoka kwenye kujitolea, yuko kazini.

Na yuko kazini bila kulipwa, kama maelfu ya vijana wenzake. Nchi hii imejaa walimu wa kujitolea wanaofundisha vipindi kamili, wauguzi wa kujitolea wanaokesha wodini, wote wakitumaini ajira zikitangazwa watakumbukwa. Wanabeba huduma ambayo taasisi isingeweza kuitoa bila wao, na mara nyingi nauli wanatumiwa na mama zao kijijini. Mimi hili linaniuma. Taasisi ikiwa na kazi ya kudumu, yenye saa za kudumu na yenye ujuzi uliosomewa, na fedha ikapatikana, mtu huyo ndiye wa kwanza kwenye orodha.

Wenzetu wa Kenya wamepitia njia hii mbele ya macho yetu. Mkakati wa afya ya jamii wa mwaka 2006 uliwaweka wahudumu wa kujitolea nyumba kwa nyumba, na kwa miaka mingi wengi wao walitegemea chochote kilicholetwa na mradi uliopo. Septemba 2023 serikali ikawazindua 100,000 wakiwa na vifaa na posho ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Shirika la Afya Duniani nalo, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2018, lilipendekeza wahudumu wa afya wa jamii walipwe malipo yanayolingana na ukubwa wa kazi, saa, mafunzo na majukumu yao. Na hapa Tanzania, Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kokote mnakotazama, mwelekeo ni huohuo: kazi ya afya ya kila siku haibebwi na kujitolea milele.

Kwa hiyo, katika zile 154,000, sehemu ni yake. Haitatosha mshahara wa mwezi mzima, basi msimpe kazi ya mwezi mzima. Amri ya kima cha chini cha mshahara inataja viwango mpaka vya saa. Nendeni ofisi ya kazi mkoani Tanga mkaulize kiwango kinachowahusu, gawanyeni fedha iliyopo kwa kiwango hicho, mtapata idadi ya saa mnazoweza kuzilipa kihalali. Zikitosha siku mbili kwa wiki, aje siku mbili, na vidonda vingine vyote vipelekwe zahanati. Mpeni barua ya mkataba ya ukurasa mmoja. Kama atachagua kuondoka hata hivyo, mwandikieni barua ya utumishi inayoeleza kwa undani alichofanya, si ile mistari miwili ya "alikuwa mwaminifu". Tajeni aina za vidonda, idadi ya wagonjwa, nani alimsimamia. Barua ya namna hiyo inafungua milango.

Kabla hajaendelea, hakikisheni amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga na ana leseni, na kwamba mganga mfawidhi wa zahanati anajua anachofanya na amekubali kumsimamia. Hii ni kwa ajili ya kumlinda yeye kwanza. Mgonjwa mmoja wa kisukari akipoteza mguu, familia itamtafuta binti, haitamtafuta mwenyekiti. Wanachama wengine wasiguse vidonda wala kugawa vidonge. Kumkumbusha mzee dawa alizoandikiwa, hilo ni sawa. Kuamua leo ameze mbili badala ya moja, hapana.

Turudi kwa wale 13. Ungeniuliza jambo moja la kufanya wiki hii, ningekwambia: wafuate majumbani, mmoja mmoja, bila lawama, uwaulize kilichowatoa. Fedha itatajwa, lakini haitakuwa peke yake. Karibu kila kikundi nilichokaa nacho kina watu walioondoka kwa sababu hakuna aliyewaambia kazi inaisha lini. Mtu aliingia akidhani anasaidia msimu mmoja, akajikuta ana deni lisilo na mwisho, na njia pekee ya kupumzika ni kutoweka. Wekeni vipindi. Miezi sita, kisha mtu anaulizwa kwa heshima kama anaendelea au anapumzika, na anayepumzika anaagwa vizuri ili aweze kurudi. Mvua za masika zikianza, Machi, kila mtu yuko shambani, basi ziara zipungue kwa utaratibu uliokubaliwa na wazee waambiwe mapema, badala ya kila mmoja kuvizia udhuru wake.

Jingine halisemwi kabisa vikaoni, nalo ni misiba. Mnahudumia watu wa miaka themanini. Watakufa, tena mikononi mwenu. Mwanachama aliyemwogesha bibi kwa mwaka mzima anapata habari za kifo chake sokoni, anafika msibani anakuta ndugu ambao hajawahi kuwaona wamekaa mbele, hakuna anayemjua, na Jumatatu anapewa jina la mzee mwingine. Watu huondoka kwa hilo na wenyewe hawajui kwamba ndilo lililowatoa. Kikundi kiende msibani pamoja, mwenyekiti amtambulishe mbele ya familia kwamba huyu ndiye aliyekuwa akimwangalia marehemu, na mwanachama huyo apewe muda kabla ya kupangiwa mwingine. Haligharimu kitu.

Kwa kuwa mnaingia nyumbani kwa watu wasio na mtetezi, ongezeni masharti machache magumu. Nendeni wawili wawili kila inapowezekana. Mtu asishike kadi ya benki ya mzee, simu yake ya kupokelea hela wala namba ya siri. Akitumwa dukani, chenji ihesabiwe mbele ya mzee na jirani. Na hili naliandika kwa mkazo: mwanachama asiwe shahidi kwenye karatasi yoyote ya shamba, nyumba au wosia, na asimsaidie mzee kuweka dole gumba kwenye kitu asichokisoma. Wapo watu wanaosubiri mzee aanze kusahau ndipo walete karatasi za kiwanja. Mkiona dalili hiyo, au mkiona mzee anapigwa, au anasemwa kijijini kuwa mchawi, toeni taarifa siku hiyohiyo kwa ofisa ustawi wa jamii na mtendaji wa kijiji, na majina ya wote walioambiwa yaandikwe. Mwanachama anayekataa masharti haya aende kwa amani, hata kama mmebaki wachache.

Kuhusu usajili, jibu ni fupi. Kwa ukubwa wenu, anzeni na usajili wa kikundi cha kijamii kwenye halmashauri kupitia ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Unatosha kufungulia akaunti ya benki na kupokelea fedha hizi, ili mradi mfadhili ameukubali kwa maandishi. Usajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002 unawezekana hata kwa ngazi ya wilaya tu, ila unakuja na ada, taarifa za kila mwaka na hesabu zinazotakiwa kuwa wazi. Mkiwa na mtu wa kuziandika, songeni mbele. Kama hayupo, usajili utageuka mzigo wa katibu peke yake, na katibu ni wewe. Kuhusu malipo ya binti, mwulize ofisa huyohuyo mnaingiaje mkataba wa ajira mkiwa kikundi, maana jina la mwajiri lazima lieleweke.

Nendeni kwa mfadhili kabla ya kusaini, si baada. Mwombeni aandike kwenye makubaliano vifungu viwili vilivyotenganishwa: gharama za wanaojitolea, pamoja na viwango vya nauli kwa kila njia, na malipo ya huduma ya uuguzi kwa saa. Kuna wafadhili wenye msimamo kwamba fedha zao haziendi kwa watu. Wengi wao hulainika wakionyeshwa ile karatasi ya vitongoji na hesabu yake, kwa sababu wanaona nauli hii inamfikisha nani kwa nani. Akikataa vyote viwili, punguzeni eneo. Chukueni wazee wanaofikika kwa miguu, na wale wa mbali muwakabidhi rasmi, kwa majina, kwa ofisa ustawi wa jamii na kwa baraza la wazee la kata. Makabidhiano hayo yafanyike wazee wenyewe wakiwapo na wakiwa wameelezwa, ili asiwepo anayekaa mlangoni siku ya ziara akiwangoja.